Petite ana jina lake

(Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la Kisangani, la miaka ile ya uasi. Dada Véro, mkubwa wangu, alikuwa Goma. Ndiye aliyenipa daftari akaniambia niandike, nikimaliza nimpelekee alisome.)

Jumatatu, asubuhi. Mvua tangu alfajiri. Bati linapiga kelele mpaka sisikii kama mtoto analia au hapana.

Daftari, unisamehe. Na wewe Dada utakayesoma, unisamehe zaidi. Ukurasa wa mwisho niliuandika Josué akiwa bado hajui kukaa. Leo anakaa peke yake kwenye mkeka na anatafuna pembe ya kitenge changu. Sikuwa mgonjwa. Bunduki nazo zimenyamaza wiki hizi, kwa hiyo siwezi kuzisingizia. Ni uchovu, na aibu kidogo. Kuna jambo sikutaka kuliandika kabla sijajua litakwisha vipi.

Jana lilikwisha. Au lilianza, sijui.

Nianze na lile chungu.

Wiki tatu zilizopita Coach Anselme aliniita kando ya kiwanja. Unamjua, yule wa maktaba ya chuo, institut, anayetufundisha basket jioni na suruali yake ya kazini ameikunja mpaka magotini. Akaanza na habari za mtoto, akamaliza habari za mtoto, akaangalia mawingu. Nikajua. Mtu akikuuliza mtoto wako ameota meno mangapi na macho yake yako juu ya paa, ana neno.

"Mama Josué," akasema, "miguu yako iko inakuja nyuma ya akili yako."

Ni kweli. Akili inaona upenyo, miguu inafika mlango umekwisha kufungwa. Tangu nijifungue nimekuwa meneuse wa dakika kumi. Meneuse, Dada, wewe hukucheza: ni yule anayepanda na mpira, anayeonyesha vidole ili wenzake wajue waende wapi, anayesema wewe kulia, wewe ngoja, wewe toka. Anaweza kuwa mdogo wa mwili. Hawezi kuwa mdogo wa sauti. Miaka minne kazi hiyo ilikuwa yangu, hata mwaka ule nilioacha masomo kwa mimba walinisubiri.

"Petite iko na mikono," Coach akaendelea. "Lakini mikono tu. Donc ile ingine, ni wewe utamupatia. Uko na wiki tatu mbele ya mechi ya watu wa ng'ambo ya mto."

Yaani mimi nimfundishe atakayenitoa. Nikasema ndiyo, Coach. Nikarudi nyumbani nikaosha sufuria moja mara tatu.

Petite ndiye mchezaji wetu wa akiba. Miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza, mfupi, vidole virefu. Baba yake ni wa zile familia za Waislamu za zamani hapa mjini, ana duka dogo mtaa wa Mangobo: sabuni, chumvi, minyororo ya baiskeli. Mpira ukiwa kwa Petite unatulia kama kuku aliyemzoea mwenye nyumba. Hata ule upande mbaya wa kiwanja, pale bomu lilipotoboa saruji na sisi tukajaza mchanga, yeye analiruka shimo bila kuliangalia. Mimi nimeanguka pale mara mbili, na nimezaliwa mji huu.

Akicheza na wasichana wa rika lake ni moto. Anawapanga, anawatania, anawapitia katikati.

Muweke sasa na sisi wakubwa. Anazimika.

Ilinichukua wiki nzima kuona kwa nini, na ilichukua wiki nzima kwa sababu sikutaka kuona. Niandike ukweli, daftari ni la kazi hiyo. Siku zile za kwanza, Petite akipoteza mpira, nilifurahi. Kidogo tu, kama sukari kwenye ncha ya ulimi. Mdomoni nasema "si kitu, Petite, rudia," na ndani naonja sukari yangu.

Mungu aliona. Sasa na wewe umeona.

Kosa lake lilikuwa moja: hawezi kumnyima mkubwa.

Gertrude, pivot wetu, yule mrefu wa chini ya kikapu ambaye akiingia kwako anainama mlangoni, ana miaka ishirini na saba na watoto wawili. Gertrude akinyoosha mkono akaita "Lete!", Petite anampa. Hata wakiwa watatu wamemzunguka, anampa. Wakiita wawili pamoja, anampa aliyezaliwa kwanza. Nilimchunguza siku nne, ni hivyo kabisa! Na akitaka kumpanga mtu, anaanza na yaya, heshima ya dada mkubwa: "Yaya Gertrude, pardon, kama unaweza, yaya, uende kidogo kule…" Heshima ikimalizika, mpira uko kwa adui na adui amekwisha kufunga. Vidole vya kuonyesha mpango, ambavyo mimi navipandisha juu ya kichwa wote wavione, yeye anavionyesha karibu na tumbo, kama mtoto anayeficha peremende kanisani.

Nani alimfundisha hivyo? Mama yake, baba yake, mtaa wake, kama sisi wote. Mkubwa akikuomba kitu unaacha ulichoshika. Huinui kidole mbele ya uso wa mkubwa. Mimi mwenyewe Josué akija kukosea hapo, nitamkumbusha vizuri.

Na pale kiwanjani sisi tuliongezea. Mdogo wa timu ndiye anayekwenda kisimani na bidon ya maji. Ndiye anayefua jezi. Ndiye anayeingia kwenye shamba la mihogo mpira ukiangukia huko. Wote tulipita njia hiyo, hakuna aliyekufa. Hata jina hatukumuuliza. Siku aliyofika Gertrude alimwambia "Petite, shika hii," na ikabaki hivyo, Petite, Mdogo.

Juma la pili nikambana. Nikamwambia: leo kazi yako ni moja tu. Mimi nitakuomba mpira, wewe utaninyima. Nikasimama mbele yake, Josué mgongoni.

"Lete."

Akanipa.

"Petite, nimesema uninyime."

"Ndiyo, yaya."

"Haya. Lete."

Akanipa tena, taratibu, kwa mikono miwili, kama anayeleta sahani mezani kwa wageni. Mara ya tano nikapaza sauti. Mara ya nane akalia. Analia bila kelele, machozi tu yanashuka, na bado amenyoosha mpira kwangu.

"Yaya, kichwa iko inasikia," akasema. "Ni mukono ndiyo inakataa."

Josué naye akaanza. Nikakaa chini kwenye saruji nikamnyonyesha, na Petite akachuchumaa karibu, akimpepea mtoto na kurasa za masomo yake. Nilikuwa nimechoka mpaka hasira yenyewe haikupata mahali pa kukaa. Nikamwangalia yule binti, pua inamtiririka, anampepea mtoto wangu. Na pale ile sukari ikaisha ulimini. Nikaanza kutaka aweze. Kweli kweli nikataka.

Nililala nikifikiria: tunamlea mtumishi jioni tano kwa juma, halafu siku ya sita tunashangaa kwa nini haamuru.

Alhamisi iliyopita Petite hakuja mazoezini. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nikapanda toleka, nikamshika Josué mbele na mwenye baiskeli akanung'unika kwamba tuko wawili. Mangobo, dukani kwa Papa Salehe, baba yake. Aliniletea kiti, akamuuliza Josué habari zake kama mtu mzima, akampa biskuti. Halafu akasema lake.

"Mama Josué, mimi sina neno na mupira. Mwezi jana nilikuja kuangalia, nikasimama pale kwa ukuta saa mbili nzima. Mutoto yangu alibeba maji. Akakaa. Akaokota nguo ya wenzake. Akakaa. Bon. Maji, hata hapa nyumbani iko ya kubeba."

"Papa, iko kwa benchi, lakini iko anajifunza."

"Anajifunza nini? Kukaa?"

Kijana mmoja aliyekuwa anachagua mnyororo akacheka. Nikacheka na mimi, nifanye nini, mzee amenipiga palepale.

Akasema Jumapili atakuja mwenyewe kwenye mechi. Binti yake akiwa mchezaji, atamuona kwa macho. Akiwa mtu wa maji, kuanzia Jumatatu, akitoka masomoni atakuja moja kwa moja kukaa dukani, kwa sababu macho yake yeye yameanza kushindwa kusoma mizani. Hakusema kwa ukali. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akigomba unaweza kumbembeleza. Mtu aliyekwisha kuamua anakupa biskuti.

Siku mbili. Nilirudi kwa miguu ili nifikiri, na sikupata cha kufikiri.

Jumamosi Coach akanipa karatasi ya mechi nijaze majina. Mwandiko wangu ndio kitu ambacho shule iliniachia kizima. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha darasa, watu wanakunywa maji aliyoleta Petite, mimi naandika mmoja mmoja. Nikafika kwake, kalamu ikasimama. Miezi yote ile, na mimi mwalimu wake, sikuwa na cha kuandika.

"Petite, jina lako lote."

"Mwamini," akasema chini chini. "Mwamini Salehe."

Gertrude alikuwa na kikombe mdomoni. Akakishusha.

"Nani?"

"Mwamini, yaya."

"Nani alikupatia hiyo jina?"

"Iko ya koko yangu, mama ya papa."

Dada, Gertrude ni mtu wa Maniema, upande wa Kindu. Mama yake aliitwa Mwamini. Alikufa msimu wa mvua uliopita, na habari ilichukua wiki tano kufika, ikapitia Ubundu kwa wasukuma baiskeli, kwa sababu treni haitembei na njia nyingine zina vizuizi vya askari. Gertrude anasikia, matanga yamekwisha kitambo. Hakutupa hata konzi moja ya udongo. Tulikaa naye, tulimpikia, tulifikiri yamepita. Na miezi yote hiyo jina la mama yake lilikuwa linamletea maji.

Unajua kwetu ilivyo. Anayebeba jina la mama yako, hata akiwa wa kunyonya, unamwita Mama. Unampa kiti. Humtumi.

Gertrude akasimama, urefu wake wote. Akachukua bidon miguuni pa Petite, akaenda nayo kisimani. Aliporudi imejaa, kichwani, shingo imenyooka, akaishusha, akajaza kikombe, akapiga goti kidogo, akakitoa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Mama."

Petite akageuka nyuma kuangalia ni mama gani amefika.

"Ni wewe," Gertrude akasema. "Na ninyi wote musikie. Huyu habebi tena maji hapa. Mwenye kumutuma, amenitukania mama."

Nililia, sitaficha. Coach, ambaye alikuwa mbali na hakuelewa kitu, akapiga makofi turudi kazini.

Nikarudia zoezi lile, ila safari hii si mimi niliyesimama mbele yake. Nikamweka Gertrude.

"Mama, lete."

Mwamini (nimwite hivyo sasa) akaushika mpira. Akavuta pumzi moja, akavuta ya pili. Akampa.

Gertrude akamrudishia. "Wewe ni mama gani? Mama yangu alikuwa ananinyima mpaka basi. Nikiomba nyama mbele ya wageni, alikuwa ananinyima na jicho tu, mudomo unacheka na wageni, jicho linaniambia jaribu uone. Ninyime vizuri. Lete!"

Mwamini akamtazama. Muda mrefu. Halafu akauzungusha mpira nyuma ya mgongo wake, na jicho, Dada, jicho lile likasema jaribu uone.

Gertrude akageuka upande akajifuta uso na jezi. Alisema ni jasho.

Jioni nzima akawa anamtania. Mama, nipe pesa ya beignet, nina njaa. Mama, wakubwa wananichokoza. Kwa mara ya kwanza nikaona meno ya yule binti yote.

Usidhani nilifikiri imekwisha. Jumamosi si Jumapili.

Jana jua lilitoka kali. Timu ya ng'ambo ilivuka na mitumbwi, wanaimba tangu katikati ya mto, ngoma wamekuja nayo. Nikaanza mimi. Sikufanya aibu, lakini sikufanya kitu kingine. Mwisho wa kipindi cha kwanza walitupita pointi tisa. Maziwa yamelowanisha jezi mbele, magoti yananililia, na kwenye ukuta Papa Salehe amesimama na kofia yake nyeupe, mikono nyuma. Binti yake amekaa benchi. Kama mwezi jana.

Coach akaniangalia. Nilijua anatafuta mawingu. Nikamhurumia.

"Coach, muingize Mwamini," nikasema kwa sauti ili naye asikie jina lake.

Maneno mepesi hayo, ukiyasoma. Nilikaa chini kabla miguu haijabadili shauri.

Mpira wake wa kwanza, akampa aliyepiga kelele zaidi. Wakauiba, wakafunga. Kumi na moja. Wa pili, vidole tumboni, hakuna aliyeona. Nikauma pembe ya kitambaa cha Josué nisimfokee kutoka benchi. Meneuse ukimfokea kutoka nje, unamchukulia kazi yake, hilo nalijua mwenyewe. Papa Salehe akaangalia saa.

Wa tatu. Gertrude yuko chini ya kikapu, watatu wamemkalia. Mazoea ni ugonjwa: akanyoosha mkono. "Lete!"

Mwamini hakuusimamisha mpira. Akapandisha mkono wa pili juu ya kichwa, vidole viwili.

"Gertrude! Toka hapo! Toka, unafunga njia!"

Hakuna yaya. Hakuna pardon. Kiwanja chote kilisikia, hata ngoma ya ng'ambo ilikosa pigo moja. Gertrude akatoka mbio kama aliyeitwa kula. Wale watatu wakamfuata, njia ikafunguka, Mwamini akaruka lile shimo letu, akaweka mpira kikapuni kama anayeweka yai.

Basi baada ya hapo ilikuwa mvua. Wewe kulia! Ngoja! Bado! Sasa! Wakubwa wake wote wanakwenda anakowatuma. Mmoja alimnyooshea mkono akapata lile jicho, akaushusha mwenyewe. Nilikuwa namnyonyesha Josué chini ya kitenge, nasikia mpira unavyopiga saruji, na kwa mlio tu nilijua atapita wapi. Hakuna aliyeniangalia. Ilikuwa vizuri, na iliuma, vyote kwa wakati mmoja.

Tulishindwa kwa kikapu kimoja. Sijali. Msichana mmoja wa ng'ambo alikuja kwenye benchi letu kuuliza yule mufupi ni nani, na watu wanne walimjibu pamoja.

Halafu nikamuona Papa Salehe anavuka kiwanja. Uso umefungwa.

"Mwamini."

Yule binti akarudi kuwa Petite palepale, macho chini.

"Nimekusikia. Umemugombeza mutu mukubwa mbele ya watu. Kwa jina yake tu, bila yaya. Ni hiyo munafundishwa hapa?"

Dada, siku zote hizo nilihangaika na maji, maji, asimuone akibeba maji. Hili halikunipitia kichwani hata mara moja! Nilimfundisha mtoto wa watu kuvunja kitu ambacho baba yake alikijenga miaka kumi na tisa, halafu baba mwenyewe akaja kuangalia.

Gertrude ndiye aliyekuja. Jasho linamtiririka. Akapiga goti kidogo, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine, na hata hapo bado alikuwa anamzidi mzee.

"Papa, pardon. Iko na jina ya mama yangu. Mama anaweza kumugombeza mutoto yake, hapana?"

"Mama yako alikuwa Mwamini?"

"Mwamini wa Kindu. Alikufa, papa. Njia ilikuwa imefungwa. Sikumuzika."

Papa Salehe akaweka mkono kifuani, akasema yale maneno wanayosema kwa marehemu, polepole, mpaka mwisho. Alipomaliza uso wake haukuwa ule aliokuja nao.

Gertrude huwa haachi huzuni ikae sana.

"Donc," akasema, "kama huyu ni mama yangu, wewe Papa uko koko yangu. Na mujukuu yako hana sabuni."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee alijitahidi kushika uso, akashindwa, kofia ikateleza.

"Mujukuu murefu hivi," akasema, "nani ataweza kumulisha?"

Lakini usifikiri alicheka akasahau. Alinigeukia mimi, si Coach, akanihesabia masharti. Binti yake havai tena kaptura tupu mbele ya watu, avae suruali ndefu chini ya jezi. Kabla ya magharibi awe nyumbani. Akivuka mto kwenda kucheza, mimi ndiye nimchukue na mimi ndiye nimrudishe. "Wewe, Mama Josué. Nikikosa kukuona wewe, simutoi." Na kumgomba mkubwa, ni ndani ya mistari ile myeupe tu. Akitoka nje ya mstari, ni yaya.

Mwamini akasema ndiyo, papa. Halafu akamwambia Gertrude, "Yaya, pardon," na Gertrude akamwambia anyamaze, Mama haombi pardon.

Kwa hiyo leo hayuko dukani. Ana masomo, na saa kumi ana mazoezi, mvua ikikatika.

Mechi ya marudio ng'ambo ni baada ya wiki tano. Ataanza yeye, Coach amekwisha kusema. Nilidhani nitalia usiku. Nililala kama gogo, mpaka Josué alinipiga kofi la asubuhi. Naona hasira haijaja. Labda itakuja Jumatano nikiona jezi yangu mgongoni mwake. Ikija nitaiandika, sitaificha kama ile sukari.

Kazi bado ni nyingi. Akikosea anaangalia miguu yake sekunde tatu nzima, na katika sekunde tatu mtu anafunga. Mkono wa kushoto ni mvivu. Wenzake sasa anawanyima, lakini Coach bado hajui kumnyima, na kuna siku meneuse anatakiwa kumwambia Coach hapana. Nitakuwa mkali kwake. Nitakuwa mkali na nitampikia.

Dada, mama mmoja wa biashara anapanda ndege kesho kutwa kuja Goma. Nampa daftari hili ingawa halijajaa. Usiniandikie maneno ya pole, sina msiba. Akirudi, mpe vitu hivi, hivi tu:

Suruali moja nyeusi ya kubana, ndefu, ya mtu mfupi. Ya Mwamini.

Raba namba thelathini na saba, hata za mitumba, ila soli isiwe imelika. Zake pia.

Sindano mbili za kujazia mpira, kwa sababu moja itapotea.

Dawa ya minyoo ya Josué, ile ya maji, vidonge anatema.

Sidiria mbili za kunyonyeshea. Usiulize ukubwa, wewe ongeza tu.

Zile raba zangu za namba arobaini ulizoniambia umenitafutia, ziuze huko huko.

Badala yake filimbi moja ya chuma, na kamba yake ya shingoni.